Nyepesi, ya Kasi, Isiyokosa: Rekodi za Bunduki Ndogo za Masafa Mafupi

Desemba 1907, kwenye uwanja wa maonyesho wa San Antonio, Texas, Adolph Topperwein alisimama siku kumi akipiga vipande vya mbao vilivyorushwa hewani kwa mkono. Kila kipande kilikuwa na upana wa takriban inchi mbili na robo. Vilirushwa vipande 72,500, na vilivyomponyoka vilikuwa tisa tu. Alichoshika mkononi ni bunduki ndogo ya Winchester, toleo la 1903, ya kaliba .22, ambayo mkulima yeyote wa enzi ile angeweza kuinunua dukani.

Rekodi hiyo ilidumu nusu karne. Mwaka 1959 Tom Frye, mwajiriwa wa kampuni ya Remington, akapiga vipande 100,010 na kukosa sita. Yeye alitumia Nylon 66, iliyokuwa imetoka mwaka huohuo. Kitako chake kilikuwa cha nailoni ya DuPont badala ya mti, na bunduki nzima ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1.8. Wazee wa dukani waliidharau kwa sababu ya plastiki. Baada ya Frye, dharau ile ilipungua sana, na bunduki hiyo ikauzwa zaidi ya milioni moja.

Naanza na watu hawa wawili kwa sababu anayetafuta bunduki nyepesi ya kupigia wanyama waharibifu kwa kawaida huanza kwingine kabisa. Huanza na jedwali la kasi. Huuliza ipi inakimbia zaidi, ipi inafika mbali zaidi, ipi ina darubini ya namba kubwa zaidi. Mimi pia nayapenda majedwali hayo, na humu nitayafungua. Lakini kila rekodi nitaiuliza swali moja: mnyama yuko hatua hamsini, themanini, au mia, je, rekodi hii inamsaidia mpigaji?

Mchezo wenyewe una kwao, nako ni Marekani. Huko mashamba ya Pennsylvania na New York yanasumbuliwa na woodchuck, mnyama mnene anayechimba mashimo chini ya mabanda na kwenye malisho. California ina kindi wa ardhini wanaokula mazao. Nyanda kavu za Dakota Kusini na Wyoming zina prairie dog, ambaye licha ya jina lake si mbwa bali ni wa ukoo wa kindi. Wanyama hawa wote ni wadogo, na sehemu ya mwili inayofaa kulengwa ili mnyama afe papo hapo haizidi kifuniko cha chupa ya soda. Kwa hiyo suala ni kugonga padogo, kwa hakika, bila kuhatarisha kilicho nyuma yake.

Nyepesi kuliko zote

Kwenye mizani, bunduki ndogo ya kitoto iitwayo Chipmunk iko karibu na kilo 1.1. Hupakiwa risasi moja moja, na imepimwa kwa mikono ya mtoto wa miaka saba au minane aliye chini ya usimamizi. Kwa watu wazima, jina kubwa ni AR-7, iliyobuniwa na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite, mtu yuleyule aliyebuni AR-15. Ilitoka mwaka 1959, nayo ilitokana na wazo la silaha ya rubani wa kijeshi aliyeangukia porini. Ina kilo 1.6 hivi. Mtutu, mtambo na magazini vyote hufunguliwa na kufichwa ndani ya kitako, na kitako kikianguka majini huelea. Kampuni ya Henry bado inaitengeneza.

Ni kazi ya akili sana, lakini singemshauri mtu aliyekuja kulinda bustani ainunue. Bunduki ikishuka chini ya kilo mbili haitulii mkononi. Pumzi huitikisa, na mapigo ya moyo yanaonekana waziwazi ndani ya darubini. Walio na ushahidi mzuri wa jambo hili ni wanamichezo wa bayathloni, wanaoteleza kwenye theluji na kusimama kupiga shabaha za mita 50 moyo ukiwa bado unadunda kwa nguvu. Shabaha ya kulala ina kipenyo cha milimita 45. Sheria ya mchezo wao inakataa bunduki iliyo chini ya kilo 3.5, na sijaona mmoja wao akililia bunduki ya kilo moja na nusu.

Neno "nyepesi" lenyewe lina utata. Katika mashindano ya kupiga kutoka mezani nchini Marekani kuna daraja linaloitwa bunduki nyepesi ya wanyama waharibifu. Kikomo chake ni ratili 10.5, darubini ikiwemo, yaani kilo 4.76. Anayebeba mzigo huo akipanda na kushuka vilima asubuhi nzima hatauita mwepesi tena.

Kwa mtembezi, mimi naona uzito mzuri ni kati ya kilo 2.3 na 2.9 kabla ya darubini. Ruger 10/22 ya kawaida iko kwenye mpaka wa chini. CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki, yenye bolti inayovutwa kwa mkono kupakia kila risasi, iko karibu na mpaka wa juu. Na hapa kuna siri ambayo wauzaji hawaisemi mara nyingi: risasi ya .22 ina baruti kidogo mno, kiasi kwamba ikifika inchi 16 au zaidi kidogo ndani ya mtutu, msukumo umekwisha. Mtutu wa inchi 24 hauongezi kasi. Unaongeza uzito na kukwama vichakani. Anayetaka bunduki nyepesi aanze kupunguza hapo, kwenye mtutu, wala asikimbilie vitako vilivyotobolewa matundu.

Ya kasi kuliko zote

Mwaka 1935 Winchester ilitoa .220 Swift. Kichwa cha risasi chenye gramu 3.1 kilitoka mtutuni kwa mita 1,253 kwa sekunde, na Swift ikawa risasi ya kwanza ya kiwandani kuvuka futi 4,000 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya mwendo wa sauti. Mwaka 2004 Ruger na Hornady walishirikiana kuleta .204 Ruger, iliyotangazwa kwa mita 1,288 kwa sekunde ikiwa na kichwa cha gramu mbili tu.

Kati ya hizo mbili kuna kisa cha P. O. Ackley, fundi bunduki maarufu aliyejaribu karibu kila jambo linaloweza kufanywa na ganda la risasi. Kwa ajili ya Bob Hutton wa jarida la Guns & Ammo alichukua ganda la .378 Weatherby Magnum, linalotumika kwa wanyama wakubwa kabisa, akalibana shingo mpaka likashika kichwa cha kaliba .22. Lengo lilikuwa moja tu: kuvuka futi 5,000 kwa sekunde. Hakufika. Kipimo kikubwa alichopata kilikuwa futi 4,600, kama mita 1,400 kwa sekunde. Baruti ilikuwa nyingi mno kwa tundu dogo kama lile, na kuongeza nyingine hakukuleta kitu. Naliheshimu sana jaribio hilo kwa sababu lilionyesha ukuta ulipo.

Sasa tulete swali letu. Kwa hatua themanini, .220 Swift inafanya kila kitu zaidi ya inavyohitajika. Mlio wake husikika kijiji cha pili, joto lake hula mtutu mapema, na ikiwa bunduki ni nyepesi huruka begani kiasi kwamba mpigaji haoni risasi yake ilipotua. Kasi hiyo ilitafutwa kwa ajili ya mita 300. Kuileta kwenye ukingo wa bustani ni kulipia masafa usiyoyatumia.

Kuna ukoo wa pili wa risasi, nao ndio unaotuhusu zaidi. Ni zile ambazo pini ya bunduki hugonga ukingo wa ganda badala ya kitovu cha kitako chake. Miongoni mwa wakongwe wao ni .22 Short iliyotoka mwaka 1857 pamoja na bastola ya kwanza ya Smith & Wesson, na bado inatengenezwa hadi leo. Ni miongoni mwa risasi za ganda la metali zenye umri mkubwa zaidi zilizo hai. Mdogo wake, .22 Long Rifle, alizaliwa mwaka 1887 na ndiye watu wengi wanayemwita ".22" bila kuongeza neno. Winchester ikaleta .22 Magnum mwaka 1959. Kisha mwaka 2002 Hornady ikalibana ganda la Magnum lishike kichwa cha kaliba .17 chenye gramu 1.1, kikakimbia mita 777 kwa sekunde. Hiyo ni .17 HMR.

Bingwa wa kasi katika ukoo huu ni .17 Winchester Super Magnum, iliyofika madukani mwaka 2013: gramu 1.3 kwa mita 914 kwa sekunde. Asili yake inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Ganda lake lilitoholewa kutoka kwenye fataki za mashine ya kupigilia misumari kwenye zege, kwa kuwa ganda la aina hiyo lilikuwa tayari limejengwa kuhimili shinikizo kubwa.

Kwa nini basi sichagui bingwa? Kwa sababu .17 HMR inatosha. Ukiilinganisha na darubini kwa yadi 100, yaani risasi itue palepale ulipolenga kwa umbali huo, kuanzia yadi 30 hadi 100 risasi yake haipandi wala kushuka zaidi ya sentimita moja kutoka pale ulipolenga. Huhitaji hesabu, unaweka msalaba wa darubini juu ya mnyama na kubonyeza. Kile kichwa chepesi chenye ncha ya plastiki huvunjika vipandevipande kinapogonga, hata udongo, hivyo hatari ya risasi kudunda na kwenda pembeni ni ndogo kuliko ya .22 ya risasi nzito. Udhaifu wake ni upepo, kwa kuwa gramu moja na kitu ni rahisi kusukumwa. Siku ya upepo mkali, rudi nyumbani.

Na .22 Long Rifle? Ilinganishe kwa yadi 50, na kwa yadi 100 itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 18. Kwa hiyo ni risasi ya masafa ya yadi 70 kurudi nyuma. Ndani ya masafa hayo ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, ndiyo tulivu kuliko zote, na ukichagua ile inayotoka chini ya mwendo wa sauti, yaani chini ya mita 343 kwa sekunde, utaondoa mshindo unaoshtua mifugo na majirani. Tena kuna jambo ambalo wengi hukataa kuliamini hadi walione kwenye karatasi: risasi ya .22 ya kasi kubwa husukumwa na upepo zaidi kuliko ile ya polepole. Hutoka ikiwa juu ya mwendo wa sauti, hewa huikamata kwa ukali inaposhuka kuvuka mpaka huo, na muda inaoupoteza hapo upepo huutumia. Ya polepole haivuki mpaka wowote.

Ikiwa adui yako ni mbweha wa Marekani, yule aitwaye koyote, zote hizi ni ndogo. Hapo nenda .22 Hornet, iliyokuzwa na maofisa wa Springfield Armory miaka ya 1920 na kutolewa na Winchester mwaka 1930. Risasi zilifika dukani kabla ya kiwanda chochote kuwa na bunduki yake. Kichwa cha gramu 2.9 kwa takriban mita 800 kwa sekunde, na mtikiso begani ni mdogo. CZ iliitengenezea mtambo mdogo maalumu katika bunduki yake ya 527, na aliyenayo hadi leo haiuzi kirahisi.

Isiyokosa kuliko zote

Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100, na umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi ulikuwa inchi 0.009. Kwa vipimo vyetu ni chini ya robo ya milimita. Karatasi ilionyesha tundu moja. Watu walijaribu kumpita kwa miaka 40, hadi 2013, Mike Stinnett alipopata inchi 0.0077. Bunduki za aina hii huwekwa juu ya meza ya zege na mifuko ya mchanga, na nyingi kwa miaka mingi zimetumia 6 PPC, risasi iliyobuniwa na Lou Palmisano na Ferris Pindell miaka ya 1970 kutokana na ganda la Kirusi la kaliba .220.

Mtembezi hatapata tundu moja. Ila asikate tamaa na .22 yake, maana katika Olimpiki ndiyo inayopigwa kwa mita 50, bila darubini ya kukuza, na pete ya kumi ina kipenyo cha milimita 10.4. Risasi yenyewe ina upana zaidi ya nusu ya pete hiyo. Hiyo ndiyo hazina iliyofichwa ndani ya risasi ya mwaka 1887.

Kinachowaangusha wengi si bunduki bali sanduku la risasi. Kila mtutu wa .22 una chaguo lake. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna awezaye kukutabiria. Nunua maboksi matano au sita ya aina mbalimbali, kaa kwenye benchi siku isiyo na upepo, piga kumi za kila aina kwa yadi 50, na pima kwa rula. Aina inayokusanya risasi zake ndani ya inchi moja, nunua nyingi za kundi hilohilo la kiwandani. Kazi hii ya asubuhi moja inazidi faida ya kubadilisha bunduki.

Iliyouzwa kuliko zote

Marlin Model 60, iliyoanza mwaka 1960, imepita milioni 11. Ruger 10/22 ya mwaka 1964 inaifuata kwa mamilioni yake. Zote hujipakia zenyewe, na zote ni imara. Lakini kwa kazi hii mimi ni mtu wa bolti. Bolti inakulazimisha uione risasi ya kwanza kama ya mwisho, na mnyama mdogo anastahili risasi moja iliyofikiriwa.

Darubini: namba kubwa na namba muhimu

Zamani darubini ya bunduki ilikuwa ya matajiri. Aliyeishusha kwa watu wa kawaida ni Bill Weaver, aliyetoa darubini yake ya 330 mwaka 1930 kwa dola 19, pamoja na vishikizo vyake. Ilikuwa na bomba jembamba la robo tatu ya inchi na ilikuza chini ya mara tatu. Watu waliipigia woodchuck kwa miongo.

Leo kilele cha ukuzaji kiko Japani. Kampuni ya Deon hutengeneza darubini za March, na mojawapo hukuza kuanzia mara 8 hadi mara 80. Kwa mpigaji wa yadi 1,000 anayeketi mezani, ni chombo cha thamani. Kwenye bunduki ya kilo mbili na nusu ni balaa. Ukikuza hivyo, joto la ardhi linacheza kama maji yanayochemka, mapigo ya moyo yanakuwa tetemeko, na eneo unaloliona ni dogo mno kiasi kwamba kindi akisogea hatua mbili umempoteza. Kwa upande wa pili wa orodha, Leupold ilikuwa na darubini ndogo ya kukuza mara 2.5 yenye uzito wa chini ya gramu 200. Nayo inatosha kwa sungura wa hatua arobaini.

Namba ninayotaka msomaji aitazame haipo kwenye matangazo. Ni umbali ambao darubini imerekebishwa kiwandani ili kuondoa paralaksi. Maana yake ni hii: ukisogeza jicho kidogo nyuma ya darubini na ukaona msalaba unahama juu ya shabaha ilhali bunduki imetulia, hiyo ndiyo paralaksi. Darubini za bunduki kubwa hurekebishwa kwa yadi 100 au 150. Za .22 hurekebishwa kwa yadi 50, na Leupold huweka 60.

Tofauti hiyo inapimika. Chukua nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti kati ya umbali uliorekebishwa na umbali wa mnyama, gawanya kwa umbali uliorekebishwa. Darubini ya lenzi ya milimita 40 iliyorekebishwa kwa yadi 150, ikitumika kwa yadi 25, inaweza kukukosesha kwa karibu milimita 17 hata kama kila kingine ulikifanya sawasawa. Kwa paa, milimita 17 si kitu. Kwa kindi ni kumkosa, au vibaya zaidi, kumjeruhi. Darubini ya lenzi ya milimita 32 iliyorekebishwa kwa yadi 50, kwa umbali huohuo wa yadi 25, kosa lake la juu ni milimita 8. Nimeona watu wakibadilisha bunduki mbili tatu wakitafuta ugonjwa uliokuwa umekaa juu ya bunduki muda wote.

Funga darubini chini kabisa kadiri bolti itakavyoruhusu. Ikiwa kitovu cha darubini kiko sentimita nne juu ya mtutu na umelinganisha kwa yadi 50, basi kwa mita 10 risasi inatua sentimita moja na nusu chini ya msalaba, kwa sababu haijapanda kuufikia mstari wa jicho. Anayepiga panya ghalani anapaswa kuijua namba hiyo kwa kichwa. Bunduki nyingi za .22 zina reli ya milimita 11 juu ya mtambo, nyembamba kuliko ya bunduki kubwa, kwa hiyo ulizia vishikizo vyake mahsusi kabla ya kulipa.

Jiji kubwa kuliko yote

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanazuolojia C. Hart Merriam aliandika juu ya koloni moja la prairie dog huko Texas lenye urefu wa maili 250 na upana wa maili 100. Alikadiria kwamba wakazi wake walikuwa milioni 400. Australia nayo ilipata janga lake mwaka 1859, Thomas Austin alipowaachia sungura 24 katika shamba lake la Barwon Park, Victoria. Kizazi chao kilisambaa sehemu kubwa ya bara, na Australia Magharibi ikajenga uzio wa kuwazuia kati ya 1901 na 1907. Mstari mmoja tu wa uzio huo ulikuwa na kilomita 1,833.

Ila namba hizi zisimfanye mtu aone kwamba kila kinachochimba shimo ni halali yake. Prairie dog walipopungua, alipungua pia kicheche wa miguu myeusi anayewategemea kwa chakula na makao. Ilidhaniwa ametoweka duniani, hadi mwaka 1981 mbwa wa shamba karibu na Meeteetse, Wyoming, alipoleta mmoja nyumbani. Kufikia 1987 waliobaki na kukamatwa ili wazalishwe walikuwa 18 tu. Prairie dog wa Utah analindwa na sheria ya nchi. Na risasi ya kaliba .17 inapovunjika ndani ya mnyama aliyeachwa uwandani, tai anayekuja kula humeza risasi ile vipande vipande. California ililiona hilo, na tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wote katika jimbo hilo unatakiwa kutumia risasi zisizo na madini ya risasi. Popote ulipo, mimi nasema okota mnyama uliyemuua umfukie.

Rekodi ya kuheshimu bila kuiga

Mei 1953, karibu na Slave Lake, Alberta, mwanamke wa kabila la Cree aitwaye Bella Twin, mwenye umri wa miaka 63, alikutana na dubu mkubwa wa aina ya grizzly. Alikuwa na bunduki ya Cooey ya risasi moja, kaliba .22, ya kupigia wanyama wadogo. Alimlenga upande wa kichwa, dubu akaanguka, naye akapakia tena na kuendelea mpaka akawa na hakika. Fuvu lilipopimwa likawa kubwa kuliko la grizzly yeyote aliyekuwa ameandikwa. Twin alikuwa mtegaji wa miaka mingi aliyejua mfupa ulipo mwembamba, na alipiga kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Kisa hicho kinatukumbusha nguvu ya kitu tunachokiita kidogo. Maboksi ya .22 yameandikwa onyo kwamba risasi inaweza kusafiri zaidi ya maili moja, na juu ya maji au ardhi ngumu hudunda kwa urahisi. Usipige mnyama aliye juu ya ukingo wa kilima, anga likiwa nyuma yake. Usipige bila tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Wasomaji walioko nyumbani wajue pia sheria zao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, kwa hiyo huko maarifa haya ni ya uwanja wa shabaha peke yake. Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni. Walioko Uingereza wanaweza kuanza na bunduki ya hewa isiyozidi jouli 16, inayotosha kwa panya wa ghalani ndani ya mita 30, ila Scotland inadai kibali hata kwa hiyo tangu mwisho wa 2016.

Ningepewa leo fedha za kununua moja tu kwa ajili ya masafa yasiyozidi mita 100, ningechukua bunduki ya bolti ya .17 HMR yenye mtutu wa inchi 18 hadi 20 na uzito wa chini ya kilo 2.9, nikaweka juu yake darubini ya kukuza mara 2 hadi 7 yenye lenzi ya milimita 32 iliyorekebishwa kwa yadi 50. Kama majirani wako karibu na mnyama hapiti yadi 60, ningebadilisha kaliba tu, nikachukua .22 Long Rifle na risasi za chini ya mwendo wa sauti. Fedha itakayobaki yote ningeinunulia risasi za mazoezi.